Hodi Ukutani

Nguzo ya makaribisho ya mji wa Sirudi ilikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyelala akashiba usingizi, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Kila aliyeingia mjini, awe kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari, iliwasha taa yake ya kijani ikamwambia: "Karibu Sirudi, mji ulioanzishwa kwa hisani ya mwenye shamba la miwa, aliyewapa watumwa wake waaminifu ardhi ya kupumzikia."

"Mwongo!" alijibu Tunu bila kusimama. Alikuwa na mfuko wa chokaa begani na haraka zake.

Hakuwa amekasirika. Ndiyo ilivyokuwa desturi. Watu wa Sirudi waliijibu nguzo ile "Mwongo!" asubuhi na jioni, kama watu wa miji mingine wanavyosalimiana. Watoto walilijua neno hilo kabla ya kujua kuhesabu. Hata msafara wa harusi ulipoingia mjini, ulisimama kwanza ili bibi harusi afunue shela, aseme lake, kisha ngoma ziendelee. Mgeni aliyenyamaza mbele ya nguzo alitazamwa vibaya mpaka aelezwe.

Na kusema haki, nguzo yenyewe haikuwa na kosa. Haikujitungia kitu. Ilichota maneno yake Kisimani, kama walivyochota redio, vitabu vya shule vinavyosema, ramani za magari yasiyo na dereva na mashine zilizowajibu watoto maswali wanayoogopa kuwauliza wazazi. Kisima kilikuwa kamusi elezo ya dunia nzima. Kiliandikwa na watu wa kujitolea kutoka kila nchi, na yeyote aliruhusiwa kuandika humo ilimradi alete ushahidi.

Hapo kwenye ushahidi ndipo Sirudi ilipokwama. Waliouanzisha mji walikuwa wametoroka kwenye hilo shamba la miwa, wakakata msitu, wakajenga, na walipoitwa warudi wakajibu kwa neno lililogeuka jina la mji. Karatasi hawakuacha. Mtoro gani huyo anayeandika anwani yake? Aliyeandika ni mjukuu wa mwenye shamba, katika kitabu cha kumbukumbu za ukoo wao. Kitabu hicho kilikuwa na nakala moja tu duniani, nayo ilikaa nyumbani kwao, ng'ambo. Tunu aliwahi kuomba akisome. Alijibiwa kwa adabu sana kwamba kitabu husomwa na wageni waliokubaliwa na familia, kwa miadi, humo humo sebuleni kwao.

Basi Kisima kikamwamini mjukuu. Na Bibi wa Kwanza, mwanamke ambaye kila mtu Sirudi alijua kwamba ndiye aliyewaongoza watoro wale, hakuwa na hata mstari mmoja. Jina lake lenyewe lilikuwa limepotea. Watoro wa kwanza hawakutaja majina mbele ya mtu wasiyemjua, wasije wakafuatiliwa, na walificha vizuri mno hata wajukuu wao wakayakosa.

Kwa siku za kazi Tunu alifundisha kemia katika sekondari ya mji. Jumamosi alikuwa mchimbaji, ndivyo walivyojiita watu wanaoandika Kisimani, na kundi la wachimbaji wa Sirudi lilijulikana mbali. Walikaa kwenye maabara ya shule, mihogo ya kukaanga mezani na kelele hadi barabarani, wakiandika habari za watu weusi ambao dunia ilikuwa imewaruka: mkunga wa Haiti aliyevuka mlima kwa mguu mmoja mbovu, wapiga tarumbeta wa bandari ya Durban, fundi wa Kijamaika aliyebuni mashine ya kumenya kakao. Ukurasa mmoja ulipokubaliwa, walipiga meza kwa viganja mpaka mirija ya kioo ikalia. Habari za watu wengine wote waliziweza. Za kwao ndizo zilizowashinda.

Na sasa muda ulikuwa umebana. Shauri walilofungua kuupinga ukurasa wa Sirudi lingefungwa Jumapili ile. Likifungwa bila ushahidi mpya, ukurasa ungepigwa kufuli, na kufuli la Kisima lilidumu mpaka watoto wanaozaliwa leo waje kuwa wazazi. Tunu alishawaza hilo mara nyingi. Mwanawe mwenyewe angezeeka akiiambia nguzo "Mwongo!"

Ndiyo maana siku hiyo ya Ijumaa alikuwa na haraka, na mfuko wa chokaa begani.

*

Shomari alikuwa ameshafika kwenye ghala la viti na kulifunga Sikio ukutani kwa kamba za baiskeli. Huyu Shomari alikuwa fundi umeme wa mji, mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki.

"Mwalimu, umechelewa," alisema. "Ukuta umeanza kunizoea."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu kidogo. Kuna kitu humu. Safari hii kuna kitu."

Sikio lilikuwa sanduku la ukubwa wa redio, lililoazimwa kwa wachimbaji wa Kilwa. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuiamini. Chokaa ikiwa mbichi hutetemeka kwa kila sauti inayoigusa, na ikikauka huganda na mitetemo yake, kama uji unavyoganda na alama ya kijiko. Sikio lilipitisha mwanga mwembamba juu ya ukuta, likasoma mabonde na vilima visivyoonekana kwa macho, na kuvirudisha kuwa sauti. Tatizo ni kwamba ukuta husikia mara moja tu maishani mwake, zile saa chache za kukauka, na wakati huo mafundi wengi huwa wamekwenda kula. Ukuta wa msikiti wa zamani uliwapa kikohozi na mtu akiuliza nani kachukua ndoo yake. Ukuta wa soko uliwapa mbuzi.

Tunu alichanganya chokaa aliyoileta kwenye kibakuli, akapaka kipande kidogo pembeni ili mashine ipate cha kulinganishia. Alipenda kazi hiyo. Alikuwa akihesabu moyoni umri wa tabaka la chini, lililojitokeza pale ambapo chokaa za juu zilibanduka, wala hakumtazama Shomari, ambaye alishavaa visikilizio.

"Wanawake," Shomari alisema. "Wengi. Wanacheka. Kuna ngoma pia. Ee, sasa mmoja anaimba." Alitabasamu. Kisha tabasamu likaanza kumtoka polepole. "Mwalimu. Huyu mama anasema maneno. Anasema... ala!" Masikio yalimwiva. "Haiwezekani. Anafundisha jinsi ya... Mwalimu, hivi kumbe nyie huwa mnaambiana..."

Tunu aligeuka, kibakuli kikamponyoka. Alikuwa amekumbuka ghala lile lilikuwa nini kabla halijawa ghala.

"Vua! Vua hivyo vitu, Shomari! Vua upesi!"

Alimvua mwenyewe, na sikio moja nusura liende navyo.

Wanaume wa Sirudi waliijua nyumba ile kama ghala la viti tu. Wanawake waliijua kama nyumba ya zamani ya unyago. Kwa desturi ya mji, mwali aliingizwa humo siku ileile ukuta unapopakwa upya, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuweka kiganja chake kwenye ubichi. Ndani ya zile saa chache ukuta unaposikia, mwali alikuwa akichezwa ngoma za unyago. Hakuna ukuta mwingine Sirudi ambao ungeweza kuwa umeshika mengi kiasi hicho, na hakuna ambao usingepaswa kufunguliwa hivihivi kama huo. Tunu alichezwa katika nyumba hiyo. Lakini mwalimu wa kemia alifikiria chokaa, na yule mwali aliyekuwa ndani yake hakuulizwa.

"Nenda nje," alimwambia Shomari. "Na ulichosikia kimeze."

"Kimekataa kushuka, Mwalimu."

"Nje!"

Alipobaki peke yake alivaa visikilizio. Ngoma aliijua. Ilikuwa ileile aliyopigiwa yeye, na mwili wake uliitika kabla hajauruhusu. Kisha ngoma ikanyamaza, kama inavyonyamaza mahali hapo, pale mwali anapoulizwa yeye ni nani na anapojibiwa na aliyemtangulia. Mwanamke mmoja akasema, karibu kabisa na ukuta, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi:

"Mimi ni Namkunda binti Chiwaula. Kule waliniita Faida, jina analotoa mtu anayekuhesabu kama mali. Niliondoka na watu wangu, nikaukata msitu huu. Waliponiita nilisema sirudi. Sasa wewe, mwanangu, u nani?"

Tunu alikaa chini juu ya chokaa iliyomwagika. Alilia huku anacheka, akajipiga mapaja, na alipotazama sketi yake iliyojaa weupe akacheka zaidi. Bibi wa Kwanza alikuwa na jina. Alikuwa na baba. Na alikuwa na sauti nzito kidogo, kama ya wanawake wote wa mtaa wa juu wanapoita watoto.

*

Kungwi mkuu wa Sirudi alikuwa Bi Mwantumu, na alipatikana kiwanjani, filimbi mdomoni, akiwanoa makipa wa timu ya wanawake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye miaka sabini na ushee na viatu vya michezo vya rangi ya machungwa.

"Shikamoo, Somo," alisema Tunu, kwani huyu ndiye aliyemfunda.

"Marahaba, mwali wangu. Umeanguka kwenye unga?"

Tunu alimnong'oneza. Bi Mwantumu alitema filimbi, akamwambia kipa aendelee kurukia mipira hata kama hakuna anayeipiga, akaondoka kwa mwendo ambao Tunu alishindwa kuufuata bila kukimbia.

Ghalani alisikiliza amesimama. Wimbo wenyewe hauandikwi hapa. Aliyechezwa anaujua, na asiyechezwa asinyooshe shingo. Ila Tunu aliona midomo ya somo wake ikianza kwenda. Aliimba polepole pamoja na ukuta, kisha akautangulia, akamaliza mstari kabla ukuta haujaumaliza, na ukuta ukamfuata neno kwa neno bila kukosea. Miaka yote hiyo, mdomo hadi mdomo, hakuna aliyepoteza hata pumzi. Alipofika kwenye jina alivua visikilizio, akaviweka kifuani.

"Namkunda," alisema. "Bibi yangu, kumbe ndiwe." Akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichomfanya Shomari, huko nje, aangushe baiskeli.

Walikumbatiana, wakachezacheza kidogo kati ya viti vibovu. Tunu angependa siku iishie hapo.

"Somo," alisema, "kuna kanuni."

Akamweleza. Tangu mashine zilipoanza kughushi sauti za watu, Kisima kilikataa sauti iliyokatwa hata kidogo. Unaiweka yote, mwanzo hadi mwisho, na inakuwa wazi kwa kila mwenye masikio duniani, au huiweki kabisa. Huwezi kutoa jina ukaacha wimbo.

Bi Mwantumu alikaa kwenye kiti cha mtoto. "Yaani wasikie wote? Wanaume? Watoto wadogo? Mpaka hiyo nguzo?"

"Wote."

"Alisema mambo haya akiamini wako wao kwa wao."

"Najua. Lakini alisema pia jina lake, Somo. Tumelitafuta jina hili tangu mimi sijazaliwa. Keshokutwa wanafunga. Tukinyamaza, ataendelea kuwa mtumwa mwaminifu aliyepewa pa kupumzikia. Wataambiwa hivyo watoto wote, kila siku, na sauti ile tamu."

"Na tukisema, tutakuwa tumemvua nguo ili tumvike kofia."

Shomari, ambaye hakuwa amekwenda mbali, aliingiza kichwa. "Samahani, Bi Mkubwa. Mimi nasema abonyeze tu. Watu hawasikilizi sauti nzima, wanataka jina. Nani atafika hadi mwisho?"

"Wewe ulifika wapi?" aliuliza Bi Mwantumu.

Shomari alitazama viatu vyake. "Kati."

"Basi umejijibu. Na adhabu yako naiwaza, usidhani nimesahau." Akamgeukia Tunu, na utani ukamtoka usoni. "Mimi sikukatazi. Nilikufundisha ukiwa mwali, leo ni mtu mzima na mashine umeishika wewe. Ila niambie hili. Siku tunakuapisha, ulisema nini?"

Tunu alikumbuka alichosema. Alikisema akiwa na miaka kumi na mitano, mkono mmoja ukiwa ukutani: ya humu hayatoki humu.

Jumamosi nzima alitembea na Sikio, amelifunga kwenye kanga kama mtu aliyebeba yai. Mara nne alilifungua akaweka kidole juu ya kitufe cha kutuma. Alijiambia kwamba Namkunda angetaka ajulikane. Kisha akajiambia kwamba hajui Namkunda angetaka nini, na kwamba watu wamekuwa wakimsemea mama yule bila kumuuliza tangu siku waliyomwita Faida. Hapo ndipo kidole kilipoondoka, na hakikurudi. Aliumia sana. Lakini usiku huo alilala.

*

Jumapili asubuhi maabara ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kwenye ukuta ilimulikwa sura ya msuluhishi wa Kisima, Bi Irasi wa Bahia, nchini Brazili. Alikuwa mwanamke wa makamo, kilemba cheupe kichwani, naye mchimbaji wa kujitolea kama wao. Alisema Kireno, na mkalimani wa mashine akageuza kila neno kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Unguja. Pembeni yake ilionekana taa tu, ya mhariri aliyeutetea ukurasa wa zamani, ambaye hakupenda kuonyesha uso.

"Sirudi," alisema Bi Irasi, "nimesikia mna ushahidi mpya."

Tunu alisimama. "Tunao. Tunayo sauti ya mwanzilishi wa mji akitaja jina lake na alichofanya. Lakini hatutaiweka Kisimani."

Watu walipiga kelele kama goli limekataliwa. Mzee mmoja aliuliza kwa nguvu huyu mwalimu amelipwa na nani. Tunu aliwaacha watulie.

"Sauti hiyo ilisemwa ndani ya unyago. Ni ya wanawake waliochezwa. Mimi ni mmoja wao, na niliapa. Kama gharama yake ni kupoteza shauri hili, basi tumepoteza, na mnilaumu mimi."

Kelele zilikatika. Wanawake wa nyuma, waliokuwa wameanza kuinuka ili wamrukie, walikaa. Bi Mwantumu aliikaza kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea.

"Nasikitika," alisema Bi Irasi, na alionekana kusikitika kweli. "Sina la kufanya. Mhariri, rudia chanzo chako, tufunge."

Ile taa iliwaka. "Kitabu cha kumbukumbu za ukoo, nakala pekee. Kinapatikana nyumbani kwa familia, sebuleni. Husomwa kwa miadi, na wageni waliokubaliwa."

Tunu alikuwa ameshaanza kukaa. Alisimama tena kwa ghafla, akampiga Shomari kiwiko cha pua.

"Ngoja! Tafadhali, ngoja. Wewe, Bi Irasi, umekisoma kitabu hicho?"

"Mimi? Hapana."

"Kiko Kisimani?"

"Hakimo. Kanuni hailazimishi. Kitu kinachoweza kughushiwa kikitumwa, kama sauti, tunakidai chote. Kitu kilichobaki mahali pake tunakikubali, mradi pajulikane na masharti ya kukifikia yajulikane."

"Basi sisi hatutumi sauti. Tunataja kitu kilichobaki mahali pake." Tunu alikuwa anacheka sasa na hakujali. "Chanzo chetu ni ukuta. Ukuta wa mashariki, nyumba ya zamani ya unyago, Sirudi. Haujahama tangu ulipopakwa. Masharti yake yanajulikana na kila mwanamke aliyemo humu. Wao wana sebule, sisi tuna nyumba. Kama mlango wao ni mlango, na wetu ni nini?"

Taa ya mhariri iliwaka, ikazimika, ikawaka tena.

Bi Irasi alikuwa ameinamisha kichwa. Walidhani amekasirika, mpaka mabega yake yalipoanza kutikisika. Alikuwa anacheka, cheko la tumbo, na mkalimani wa mashine, asiyejua afanye nini, akasema kwa lafudhi yake ya Unguja, "Ha. Ha. Ha."

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa mlinzi wa nyumba ya ngoma huku kwetu," alisema alipopata pumzi. "Kuna chumba ambacho hata leo sijaingia. Maisha yangu yote nimewakatalia waandishi wanaotaka kukiandika. Nilikuwa nimesahau kwamba chumba kilichofungwa nacho kina anwani." Alijifuta macho. "Hoja imesimama. Lakini lazima mtu wa Kisima ausikie ukuta huo. Nani anaruhusiwa?"

Bi Mwantumu aliinuka kabla Tunu hajajibu. "Mwanamke yeyote aliyechezwa."

"Na ambaye hajachezwa?"

"Tunamcheza. Kwani tumemfukuza nani? Abishe hodi." Alimtazama msuluhishi juu hadi chini, kadiri ukuta ulivyomwonyesha. "Magoti yako yanakunjika?"

"La kushoto linalalamika."

"Tutalibembeleza. Njoo."

"Shauri halifungwi," alisema Bi Irasi, "mpaka nitakapopiga hodi."

Walichopiga baada ya hapo si meza tu. Walipiga madirisha, ndoo na migongo ya jirani. Mirija ya kioo ililia, mmoja ukavunjika, na mwalimu wa kemia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema uachwe.

*

Bi Irasi alikuja mvua za vuli zilipokatika. Nguzo ilimkaribisha kwa maneno yake ya siku zote, na yeye, aliyekwisha kufundishwa njiani, alisimama, akaweka begi chini na kusema "Mwongo!" kwa sauti iliyowafanya watu waliokuja kumpokea wamshangilie kabla hawajamwona uso.

Walipaka chokaa upya nyumba ya unyago, wakiuacha wazi upande wa mashariki. Aliingizwa humo, mama mtu mzima, akawa mwali. Kilichofanyika ndani kilifanyika ndani. Kilichofanyika nje ni kwamba Shomari alitumikia adhabu yake: alipika kwa siku zote hizo, akavaa njuga miguuni ili wanawake wajue yuko umbali gani, na alikatazwa kuuliza swali lolote. Njuga aliziweza, na pilau yake ilisifiwa. Kutouliza ndiko kulikomkondesha.

Siku ya kumtoa mwali, Bi Irasi alitoka akiwa amevikwa kanga mpya, uso unang'aa mafuta, goti la kushoto linachechemea na macho yamevimba kwa kulia na kucheka. Chokaa ilikuwa imemkauka kwenye kiganja. Aliomba meza. Palepale uani, huku ngoma zinapigwa, aliufungua ukurasa wa Sirudi, akaandika mwenyewe, akamwita Tunu asome kabla hajaubandika.

Tunu alisoma chini kabisa, penye vyanzo: Ukuta wa mashariki, nyumba ya zamani ya unyago, Sirudi. Husikilizwa na wanawake waliochezwa. Hodi ipigwe.

"Bonyeza wewe," alisema Bi Irasi.

Kidole cha Tunu kilikijua kitufe kile. Safari hii kilishuka.

Hapo ndipo Bi Mwantumu alipotoweka. Walimtafuta jikoni na kwenye ngoma, wakamkosa. Tunu alimkuta barabarani, viatu vyake vya machungwa vikienda kasi kuelekea nje ya mji.

"Somo, unakwenda wapi? Sherehe ndiyo kwanza inaanza!"

"Natoka mjini."

"Kufanya nini?"

"Kuingia."

Aliipita nguzo, akaenda hadi penye mti wa mkorosho, akageuka. Alijifunga kanga vizuri, akashusha pumzi, akarudi kwa mwendo wa mgeni aliyetoka mbali. Taa ya kijani iliwaka.

"Karibu Sirudi," ilisema ile sauti nzuri, "mji ulioanzishwa na Namkunda binti Chiwaula, aliyeitwa arudi akakataa."

Mdomo wa Bi Mwantumu ulikuwa umeshafunguka. Miaka sabini na ushee ya mazoea ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, na Tunu aliona jinsi neno lile lilivyosukuma meno likitaka kutoka. Kungwi mkuu wa Sirudi alijiziba kwa kiganja. Machozi yalimtiririka juu ya vidole.

Kisha akakiondoa kiganja, akainama kidogo kwa heshima, kama mtu aliyekaribishwa na mwenye nyumba.

"Ahsante," aliiambia nguzo. "Nimekaribia."